Bwana Tare wa Mantare

Harufu ile ilinijia Jumamosi moja asubuhi, hapa nyumbani kwangu Kiseke, kutoka uani kwa jirani. Fundi alikuwa anapasua taruma la zamani la reli ili atengeneze benchi la bustani, na kila msumeno ulipozama, ubao ule mweusi ulitoa yote uliyokuwa umeyaficha: lami, mafuta ya mashine, vumbi lililopikwa na jua miaka nenda rudi, na kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Nilisimama dirishani na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa. Jirani aliponiona alidhani nimekerwa na kelele, akaanza kuniomba radhi. Sikumweleza kitu. Ningelazimika kuanza na Bwana Tare, na habari za Bwana Tare hazielezeki juu ya ukuta.

Nilikulia katika kota za reli upande wa Mkolani, wakati ambapo Mkolani ilikuwa ni mihogo, mawe na mbuzi wa watu. Kituo chetu hakikuwa cha kuringia. Kilikuwa na njia mbili, moja kuu na moja ya pembeni ya kupishania treni; chumba kimoja chenye simu ya kuzungusha kwa mkono; na Baba. Kazi ya Baba ilikuwa kugeuza njia. Aliuvuta wenzo mzito wa chuma, reli zikasogea kwa mlio wa meno yanayosagana, na treni ikajua ielekee wapi. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba Baba asipoamka vizuri, nchi nzima inaweza kwenda upande usiofaa.

Treni ya abiria ilipita bila kutusalimu, na mimi sikuijali. Mpenzi wangu alikuwa gudsi, kama tulivyoiita treni ya mizigo. Gudsi haikuwa na haraka na mtu. Siku nyingine ilikuja moja, siku nyingine haikuja kabisa, na siku isipokuja kota zilikuwa kimya kiasi kwamba ungeweza kusikia kuku wakiparura kokoto. Nilikuwa na jiwe langu la kuitazamia, pana na tambarare juu, ambalo alasiri lilikuwa limekusanya joto la kutosha kuivisha yai. Nilikaa hapo, ziwa likiwa nyuma yangu kwa mbali kama bati jipya, na nikaisubiri. Naweza kusema bila haya kwamba gudsi niliisikia kwa makalio kabla ya kuisikia kwa masikio: jiwe lilianza kutetemeka taratibu, kisha moshi wa dizeli ukaonekana penye kona, kisha mabehewa yakaanza kupita moja moja, yakilalamika.

Kusoma nilijifunzia kwenye mabehewa hayo. Mwalimu alikuwa na ubao mmoja wenye ufa. Mimi nilikuwa na mbao ishirini na tano zinazotembea. Na nilipofika darasa la tatu, nikaweza kuunganisha herufi bila kunyoosha kidole, niligundua jambo ambalo niliona ajabu watu wazima hawalizungumzi. Ubavuni mwa kila behewa, kwa rangi nyeupe, palikuwa na neno lile lile moja likifuatwa na namba: TARE.

Kuna jambo la nyumbani linalopaswa kueleweka hapa. Mama yangu, Mhaya wa upande wa Bukoba aliyependa vitu vyake virudi vikiwa kamili, hakuazimisha sufuria kwa msiba wala harusi kabla ya kuiandika jina lake chini kwa rangi ya kucha. Sufuria kumi za watu tofauti zikichanganywa jikoni kwa wafiwa, ya Mama iligeuzwa, ikasomwa, ikarudi. Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa na mtu. Palikuwa na bwana mmoja tajiri kupita kiasi, jina lake Tare, mwenye mabehewa yote ya nchi, ambaye aliyaazimisha huku na huko na kwa busara akayaandika jina yasije yakapotea.

Nilijua hata anapoishi. Baba, akiongea kwa simu ya reli, alitaja vituo vilivyotufuata: Fela, kisha Mantare. Mwaka huohuo mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha kwamba mwanamume ni *man*. Man Tare. Mwanamume Tare. Walikuwa wamekiita kituo kizima kwa jina lake, tena kwa Kiingereza, kwa heshima. Sikumwambia mtu ugunduzi wangu. Nilijihisi kama mtu anayemfahamu waziri.

Kisha ikaja barua ya uhamisho.

Ilikuja katika bahasha ya kaki, Baba akaisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akatuambia kwamba tunahamia Kaliua, ng'ambo ya Tabora. Baba alikuwa Msukuma wa Kisukuma hasa, na herufi r haikuwahi kukubaliana na ulimi wake wala na kalamu yake. "Tunakwenda mbali kidogo," alisema. "Lakini leli ni ile ile."

Ningeweza kuivumilia Kaliua. Lililonikata maini ni lile alilolisema Mama baada ya chakula, akidhani nimelala mkekani. Shule ya huko ilikuwa mbali na kota, na mimi nilikuwa nafanya vizuri. Ilionekana ni heri nibaki Kisesa kwa Shangazi mpaka nimalize darasa la saba. Wao wangekwenda. Mimi ningebaki. Shangazi alikuwa mtu mwema, lakini Kisesa kulikuwa na barabara tu. Hakuna reli. Miaka minne ya kutazama malori.

"Atazoea," alisema Mama, kwa sauti ya mtu ambaye yeye mwenyewe hajazoea.

"Kabula?" alisema Baba. "Kabula hazoei kitu. Labda Kisesa ndiyo itamzoea yeye."

Nililia kidogo chini ya kanga, kisha nikaacha, kwa sababu nilikumbuka kwamba ninamfahamu mtu mkubwa.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa barua ya kikazi, na niliiandika kwa kufuata kila kanuni. Naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu zitakazoonekana mbele:

"Kwa Bwana Tare, Mantare. YAH: OMBI LA KUTOACHWA KISESA. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtoto wa mtu anayegeuza njia ili mabehewa yako yasianguke. Hajawahi kuangusha hata moja. Wanataka kumpeleka Kaliua na mimi niachwe. Naomba asihamishwe, au ikishindikana, nisiachwe. Mabehewa yako ni mazuri. Ni mimi mtiifu, Kabula, darasa la tatu."

Juu ya bahasha niliandika MANTARE kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika, jina la Bwana mwenyewe nikalibana pembeni kwa udogo, maana nafasi ilikuwa imekwisha.

Wakati huo mfanyakazi wa reli akihamishwa alipewa behewa la kubebea vyombo vyake. Letu lilikuwa limesimama kwenye njia ya pembeni siku mbili, tukipakia: vitanda, kabati la Mama la vioo, machipukizi matatu ya migomba ambayo Mama aliyatoa nyuma ya nyumba kama mtu anayefukua hazina, kuku saba na jogoo mmoja katika tenga. Sanduku langu la nguo za shule, lililopaswa kwenda Kisesa, nalo lilijikuta humo. Sitasema lilipandaje.

Kila behewa lilikuwa na kibano cha chuma ubavuni, ambamo huchomekwa kadi yenye jina la kituo linakokwenda. Kwangu mimi ilikuwa wazi kabisa kwamba kibano kile ni sanduku la posta la mwenye behewa. Kadi ya Baba, iliyoandikwa KALIUA, nilimwona akiichomeka asubuhi. Sikuitoa, nilikuwa mtoto mwenye adabu. Nilitanguliza tu bahasha yangu mbele yake.

Gudsi ilikuja saa tisa alasiri. Gadi wake, yaani msimamizi wa treni, alikuwa Mzee Zakaria, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, aliyependa kumtania Baba kwa sababu alikuwa Mzigua na kila kabila lililofuga ng'ombe wengi lilimpa mada.

"Unahama na kabati, wewe?" alimuuliza Baba. "Ng'ombe umewaacha wapi?"

"Ng'ombe watakuja na tleni ya abilia," alijibu Baba, "dalaja la kwanza."

Behewa letu liliunganishwa nyuma, karibu na la gadi. Baba akavuta wenzo. Nilipanda juu ya jiwe langu nikalitazama likiondoka na barua yangu kifuani, nikalipungia mkono.

Yaliyotokea baadaye tuliyakusanya kidogo kidogo. Mzee Zakaria alikuwa ameagizwa aache behewa moja tupu Mantare kwa ajili ya pamba. Alipofika huko alishuka, akatembea na miwani yake ya uzi, na behewa la kwanza kukutana nalo lilikuwa na neno MANTARE kubwa kiasi kwamba hata mimi leo, nikiwa na miwani yangu, ningelisoma kutoka ng'ambo ya ziwa. Akalikata hilo, akaliacha, akapuliza filimbi, akaendelea na safari akiwa ameridhika. Behewa tupu la pamba likaenda Kaliua.

Siku mbili baadaye, jioni kabla ya Shangazi kuja kunichukua, simu ya reli ililia. Tulikuwa tumekaa sakafuni katika nyumba isiyo na kiti, tukila viazi kutoka kwenye sufuria ya kuazima, iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Baba alikimbilia simu, nasi tukasikia upande wake tu.

"Ndiyo, ni mimi." Kimya. "Limefika? Ahsante." Kimya kirefu. "Tupu namna gani?" Kimya. "Hapana, Bwana Mkubwa, mimi si maskini kiasi hicho. Nina kabati. Nina vitanda viwili. Nina jogoo."

Ilikuwa ni kwamba stesheni masta wa Kaliua, alipofungua behewa la mfanyakazi wake mpya na kukuta limefagiliwa safi, alipiga simu kwa upole kuuliza kama ndivyo vyombo vyote alivyonavyo, ili waanze kumtafutia walau godoro. Mama aliposimuliwa hilo alifunika uso kwa kanga. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Kwa Mama, mambo hayo mawili yalitumia mlango mmoja.

Asubuhi ikaja simu ya pili, kutoka Mantare. Kuna behewa hapa, alisema stesheni masta wa huko, limeachwa siku tatu sasa, na ndani yake anawika jogoo. Nimekuwa nampa mtama kupitia tundu la mlango. Nani mwenyewe?

Kwa kuwa sare zangu zilikuwa ndani ya behewa hilo, sikuweza kupelekwa Kisesa. Shangazi alipofika aliambiwa arudi, ataletewa mtoto baadaye akiwa na nguo. Tukapanda treni ya abiria, ambayo siku hiyo ilisimama kwa ajili yetu, wote watatu, na mimi nilikuwa nimeng'arisha viatu vyangu kwa mate, kwa maana nilikuwa nakwenda kwa mwenyewe.

Stesheni masta wa Mantare alikuwa mwembamba na mrefu, mwenye kofia rasmi na kandambili. Alitupokea akiwa ameishika barua yangu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota samaki.

"Hii ilikuwa kwenye kibano," alisema. "Imeandikwa kwa Bwana Tare. Nina miaka sita hapa, simfahamu."

Baba aliichukua, akageuka kulitazama behewa, akaisoma akiwa ametupa mgongo. Niliuona mgongo ule kwa muda mrefu. Mara moja mabega yake yalitikisika. Kisha aliikunja, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Kosa ni langu," alimwambia stesheni masta. "Kadi niliichomeka vibaya."

"Na hiyo barua?"

"Mambo ya watoto."

Mimi nilikuwa nimevumilia vya kutosha. "Shikamoo," nilimwambia stesheni masta. "Bwana Tare yupo?"

Akafungua mdomo. Baba akawahi.

"Amesafili," alisema.

Basi ikawa ni kumsubiri, au ndivyo nilivyoelewa. Watu wazima walisubiri kitu kingine: treni yenye nafasi ya kulichukua behewa letu, nayo ilichukua siku tisa. Tuliishi ndani ya behewa hilo. Mama alitundika pazia mlangoni, akapanga glasi zake kabatini kana kwamba mgeni anatarajiwa, akawasha jiko juu ya kokoto. Akina mama wa Mantare walianza kwa kutushangaa kwa mbali na wakamalizia kwa kupiga hodi behewani, wakikaribishwa ndani, wakikaa kitandani na kunywa chai. Mmoja aliuliza kama kodi ya nyumba za aina hii ni kubwa. Nilifurahi mno kiasi cha kuogopa kucheka kwa sauti, wasije wakakumbuka kunipeleka Kisesa.

Aliyegeuza njia Mantare alikuwa mzee mwenye goti lililovimba. Baba alimtazama akihangaika na wenzo siku ya kwanza. Siku ya pili alimwambia, "Kaa kivulini, mzee wangu," akaushika yeye.

Siku ya tano nilikuta bahasha kwenye kibano. Niliifungua palepale.

"Kwa Kabula. YAH: OMBI LAKO. Balua yako nimeipata na nimeisoma. Mimi sipendi watoto waachwe. Nimeamua hutaachwa. Baba yako atabaki hapahapa kwenye leli. Soma kwa bidii. Ila usiguse tena vibano vya mabehewa yangu, hilo ni kosa kubwa. Ni mimi, Bwana Tale."

Kitu kimoja tu kilinisumbua: mtu mwenye mabehewa mengi namna ile kushindwa kuandika jina lake mwenyewe. Niliwaza, nikahitimisha kwamba matajiri huandika wapendavyo. Nilimwonyesha Baba. Aliisoma kwa makini sana, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Ni mtu mwenye busala," alisema.

Na ikawa vile vile. Nafasi ya Kaliua ilipewa mtu mwingine, mzee wa goti akapumzishwa, Baba akabaki Mantare. Shule ilikuwa umbali wa kupiga kelele. Migomba ya Mama, iliyokataa kuzaa Mkolani, ilizaa pale nyuma ya stesheni, na Mama akasema hadharani kwamba pengine Wasukuma nao wana ardhi.

Bwana Tare niliishi naye mpaka kidato cha pili, siku mwalimu wa biashara alipouliza darasa ni nani anayejua maana ya neno *tare*. Nilinyoosha mkono kwa kujiamini. "Ni mtu," nilisema. Darasa lilicheka mpaka kengele ikapigwa. Neno hilo, alifafanua mwalimu akijifuta macho, ni uzito wa chombo kikiwa kitupu, kabla hakijapakiwa kitu. Jioni hiyo niliitoa ile barua sandukuni nikaisoma upya, na safari hii niliisoma kwa sauti ya Baba. Nilicheka peke yangu bwenini. Niliona kwamba nimeelewa yote.

Sikuwa nimeelewa. Mwaka jana Baba alihitajika kupeleka nyaraka zake kwenye uhakiki wa wastaafu, nami nikakaa naye sebuleni Mkolani, mahali alipojenga baada ya kustaafu, nikipanga makaratasi yake. Nikaikuta bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua ya uhamisho wa Kaliua, ambayo sikuwahi kuisoma. Haikuwa ya uhamisho tu. Ilikuwa ya cheo: alikuwa anakwenda kuwa msaidizi wa stesheni masta, mwenye ofisi, kofia, na watu wa kumgeuzia njia. Nyuma yake ilikuwa nakala ya maelezo aliyoiandikia ofisi kwa mwandiko wake uleule: kadi niliichomeka vibaya mimi mwenyewe, mtu mwingine hahusiki. Nyuma ya hiyo, barua ya onyo iliyoufuta uhamisho pamoja na cheo. Na nyuma kabisa, imekunjwa mara nne, YAH: OMBI LA KUTOACHWA KISESA.

Baba aligeuza njia kwa mikono yake mpaka anastaafu. Hakupewa cheo tena.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya taruma niliacha chai yangu, nikaenda Mkolani. Nilimkuta amekaa barazani.

"Shikamoo, Baba."

"Malahaba. Unanuka leli."

Nilimweleza habari za fundi wa jirani. Kisha nikamuuliza jambo nililokuwa nimelibeba mwaka mzima: kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba Kaliua ilikuwa ni cheo.

Alisugua kiganja chake cha kulia, kile chenye sugu ya wenzo.

"Ningekwambia," alisema, "ungeandika balua nyingine, ya kumwambia Bwana Tale aniludishie cheo changu. Na mabehewa wakati ule hayakuwa mengi."

Kule chini, nyuma ya nyumba za watu ambazo siku hizi zimeficha jiwe langu, gudsi ilikuwa inapanda. Baba aliinua kidole ninyamaze. Tuliisikiliza behewa kwa behewa, yeye akitikisa kichwa kwa kila moja, mpaka la mwisho likapita.

"Matupu," alisema. "Sikia yanavyolia. Lenye mzigo halilii hivyo."

Nikamwambia kwamba hata behewa tupu lina uzito wake, tena lina jina.

"Najua," alisema Baba. "Si uliandikiwa balua naye?"